Azalea na Ivu la Perpetua

Jumatatu, 6 Oktoba

"Azalea ni ua la baridi, hapa Ujiji haitadumu." Maneno ya Masanja wa ofisini, andazi mdomoni. Upuuzi. Mahindi nayo yalivuka bahari, na ugali anakula kila siku. Azalea haidai baridi. Inadai kivuli, maji na udongo mchachu, kama mimea ya chai ya kwetu Lushoto. Yangu haijachanua tangu niipande. Sasa ina matumba. Januari nahamishwa. Lazima nione ua kabla sijaondoka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Perpetua kaja. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa Bujumbura. Vita vimemleta kwa shangazi yake, nyumba ya pili. Ndiye pekee mtaani anayejua kubishana. Kasema mizizi iko wazi, niweke ivu. Kwa mara ya kwanza sikumbishia. Nimezoa majivu yote ya jikoni.

Jumapili, 26 Oktoba

Majani ya njano, mishipa tu ndiyo kijani. Matumba mengine yameanguka. Nina hasira na kila mtu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nilimwita Perpetua nimgombeze. Akainama, akainuka, akashika kiuno.

"Dada, nani kamwaga majivu?"

"Si wewe uliyesema ivu?"

"Ivu, ndiyo." Akachota udongo, akanijaza kiganjani. "Hili. Jikoni ulifuata nini?"

"Kwa Kiswahili ivu ni jivu."

"Basi Kiswahili kimekosea."

Kwa Kirundi ivu ni udongo. Tuligombana kuhusu lugha ipi imeharibu neno, mpaka tukaishiwa nguvu kwa kucheka. Kisha tulikwangua majivu yote, maana ndiyo yaliyoua uchachu wa udongo, tukafukia mizizi kwa udongo mweusi wa majani yaliyooza chini ya michikichi.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua. Jani jipya, kijani kabisa. Matumba yaliyobaki yameshika. Nimeimba njia nzima kutoka kazini. Watu wamenitazama. Watazame.

Jumamosi, 6 Desemba

Yamefunguka. Rangi ya waridi, petali laini, zimeloa umande. Perpetua kaja na kahawa. Tumekaa mbele ya maua, hatukubishana. Nina furaha. Sina zaidi ya kusema.

Nyinyi mtakaopewa nyumba hii baada yangu: Perpetua akipiga hodi, mfungulieni. Mwacheni amwagilie. Na akiwagombeza, mjibuni. Atafurahi.