Haragwe Lililooza Limefutwa Ubaoni

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka kwa hasira. Mimi ni mwalimu wa sayansi darasa la nne, na muhula huu nilifungua ubao wa mtandaoni, ule ambao kila mtu anabandika picha na maneno yake na wenzake wote wanaona, nikawapa watoto kila mmoja mbegu ya haragwe, pamba na kikopo, nikawaambia wapeleke nyumbani, wamwagie maji, wapige picha kwa simu ya mzazi na waandike wanachokiona. Basi, wazazi wakauvamia! Mtoto ambaye jina lake lenyewe bado humshinda kuliandika kabandika "mche umechomoza kutokana na unyevu na joto stahiki", na mwenyekiti wa wazazi, eti kwa niaba ya mwanawe, akaleta haragwe lenye maganda, mshauri, maganda, wakati mbegu nimezigawa wiki iliyopita tu!

Aliyebandika mwenyewe ni mmoja, binti tunayemwita Mbona, maana maswali yake yote huanza hivyo na hayaishi. Alitumia simu ya bibi yake, ambaye mambo ya mitandao hayajui. Picha ilikuwa ya haragwe jeusi, limelowa, na chini kaandika: "Langu limeoza. Linanuka. Mbona maji ni mazuri halafu yameliua?" Nilifurahi mno, nikasema hilo ndilo somo langu la kesho, lakini kufika asubuhi picha haipo, na mwenyekiti bila hata aibu ananipigia simu: "Mwalimu, nimesafisha ubao kidogo, wakaguzi wanakuja Ijumaa, wasije wakaona uozo." Nikaenda kwa mwalimu mkuu, naye akanijibu bila kuinua macho, "Hebu achana na maharagwe mabovu, andaa zawadi ya yule mwenye maganda." Kinachoniuma zaidi ni Mbona, aliyeitafuta picha yake kwenye skrini mbele ya wenzake, akaikosa, na tangu siku hiyo hajauliza swali hata moja. Nikibisha nitahamishwa, nikinyamaza nampoteza mtoto. Nifanye nini?

Mwalimu Aliyechoka

Mwalimu, una haki ya kukasirika, na mimi nimekasirika pamoja nawe. Mtu mzima na ndevu zake anashindana na watoto wa darasa la nne kwa haragwe la bustani ya jirani! Lakini pole nimeshakupa, sasa nisikilize. Ubao huo ni wa nani? Nani aliruhusu kila mtu afute cha mwenzake? Umeacha mlango wazi, halafu unashangaa mbuzi wamo jikoni. Na kazi ya watoto ukaipitisha kwenye simu za wazazi, ulitarajia waangalie tu? Mzazi na sifa hawaachani.

Leo hii badilisha ruhusa: kufuta ni wewe peke yako. Vikopo virudi shuleni, vipangwe dirishani, picha zipigwe kwa simu yako, na maneno waandike watoto, hata yakipinda. Wazazi wasome tu, na wakinuna wanune. Zawadi ya maganda usitoe. Mfuate mkuu wako ofisini, umwambie kwa adabu kwamba wakaguzi nao wanajua haragwe huchukua muda gani kuzaa, na wakicheka, wataicheka shule yake. Hilo atalielewa upesi kuliko hoja zako zote za ualimu, na habari ya kukuhamisha ataisahau.

Sasa Mbona. Usimletee maneno matamu. Mwombe radhi mbele ya darasa, kwa sababu picha yake ilifutwa kwenye ubao wako, uliouacha wazi. Kisha mpe mbegu mbili na vikopo viwili, kimoja akijaze maji, kingine akiloweshe kidogo tu, na aanze Ijumaa hiyohiyo wakaguzi wakitazama. Na picha yake, ambayo lazima bado imo kwenye simu ya bibi, airudishe juu kabisa ya ubao na maneno yake yaleyale, uozo uonekane. Katika darasa lako zima, mwalimu, hilo ndilo haragwe pekee lililopandwa na mtoto.