Kompyuta Iliyobaki Mdomoni mwa Duara

Kambarage, Shinyanga
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa Dada Agatha, Mama Rebeka,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kifua cha baba kimepoa kidogo. Mwambie shemeji Raphael muhogo aliotupatia tuliumaliza wote mpaka tukaona aibu. Mimi mwili ni mzima. Simu zako nimeziona, na ujumbe wako nimeusoma, kwamba paroko anataka kujua kama matangazo ya ndoa yangu na Marwa yaanze kusomwa Jumapili ijayo. Sikupokea kwa sababu ningelia, na wewe ungelia mbele ya wateja dukani. Naomba umwambie asisome. Nitakueleza kwa mpangilio, kama nilivyoandika siku kwa siku katika shajara yangu, ili nikifika mwisho usiwe na haja ya kuniuliza.

Unakumbuka mlivyocheka niliposema kazi yangu ni kujaribu kuharibu programu anazoandika Marwa, na shangazi Suzana akasema hata mbuzi wake anaiweza. Ukweli ni kwamba wateja wetu hawana kompyuta za namna moja. Huyu ana Windows mpya, yule ana ya zaidi ya miaka kumi iliyopita. Hatuwezi kununua kompyuta kwa kila toleo. Kwa hiyo, ndani ya kompyuta moja yenye nguvu nafungua nyingine zisizoshikika, tunaziita mashine pepe, kila moja na toleo lake. Naweka programu humo na kuitesa. Ikivurugika, nairudisha mashine ile ilivyokuwa kabla sijaigusa, kisha nahamia nyingine. Humo hakuna anayeumia.

Mwezi wa tatu tulipata kazi ya mgodi mdogo upande wa Geita. Wachimbaji wa huko shimo huliita duara. Desturi yao ilikuwa kwamba kila anayeshuka anavua shati na kulitundika kwenye kamba pale mdomoni. Zamu ikiisha, mlinzi anatazama kamba, na shati likibaki hazimi mashine inayopeleka hewa chini. Tajiri wao, Bwana Fredy, aliona mambo hayo ni ya kishamba. Akataka kadi: ukishuka unagusisha, ukipanda unagusisha, na kioo cha kompyuta kinaonyesha walio chini.

Katika matoleo mapya programu ilikwenda vizuri. Katika lile la zamani niliiacha mashine ilale, kama kompyuta inavyolala ikiachwa bila kuguswa, kisha nikaiamsha. Kifaa cha kadi kiliendelea kulia na kuwasha taa ya kijani, lakini programu ilikuwa haipokei kitu. Kioo kilibaki na hesabu ya kabla ya kulala. Nikairudisha nyuma, nikajaribu tena, ikawa vilevile. Nikamwita Marwa aone. Akakuna kichwa, akasema mimi ni mkali kuliko mama yake wa Tarime, na kwamba tukioana atanificha hata redio nisije nikaipima. Tulicheka. Akaahidi kurekebisha kabla haijatoka.

Ndipo nikaja huko kwa kipaimara cha Rebeka. Nyuma yangu Bwana Fredy alipiga simu akitaka programu yake. Marwa akamuuliza mdomoni mwa duara kutakuwa na kompyuta gani, akajibiwa kwamba mpya imeshanunuliwa. Marwa alitaka kumaliza kazi ile apate likizo, awalete wazee wake kwetu kama tulivyopanga. Akamwambia Bwana Fredy kwamba Anisia ameipima kote na imepita. Akaituma.

Kompyuta mpya kweli ilinunuliwa. Lakini Bwana Fredy aliona ni hasara kuipeleka kwenye vumbi, akaiweka ofisini kwake, penye kiyoyozi. Ile kuukuu ya ofisini, yenye toleo lile la zamani, ndiyo iliyopelekwa kwenye duara.

Wachimbaji waliizoea. Waliiita Mwenyekiti, kwa kuwa hupiti bila kuisalimia. Kamba ya mashati ikaondolewa. Siku ya msiba kompyuta ililala wakati wa mapumziko, duara likiwa tupu. Mlinzi, Thobias, akaiamsha, watu wakagusisha kadi, wakasikia mlio, wakashuka. Zamu ilipokwisha walipanda wote isipokuwa Bartholomeo, aliyebaki akikusanya zana. Thobias akatazama kioo, kikamwonyesha kwamba hakuna mtu chini. Akazima hewa, akaenda kula. Walipokuja kumkumbuka Bartholomeo na kushuka, walimkuta ameegemea ukuta kama mtu anayepumzika.

Habari zilipotufikia, Marwa aliniomba kitu kimoja. Hakuniomba niseme uongo, aliniomba ninyamaze. Alisema watu wameshamlaumu Thobias, marehemu hatarudi, na sisi maisha yetu ndiyo kwanza yanaanza. Dada, nilitaka kukubali. Nilikaa kazini nikaifungua ile mashine pepe ya zamani, nikailaza, nikaiamsha, nikairudisha nyuma, tena na tena, kana kwamba safari moja ingetoa jibu jingine.

Jumanne tuliitwa kikaoni kule mgodini. Mzee Kalisti, msemaji wa wachimbaji, alimuuliza Thobias mbele ya watu kama macho yake yalikuwa kwenye kioo au kwenye wali. Wengine wakamzomea, wakamwita muuaji. Violeth, mjane wa Bartholomeo, hakuzomea. Aliuliza tu, kwa Kiswahili cha kutafuta maneno, huyo Anisia ambaye Bwana Fredy anasema aliipima mashine ni nani.

Nikasimama. Na hili ndilo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani. Mtasikia kwamba Marwa ameniacha. Si kweli. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema kwamba niliona kosa, kwamba nilimwonyesha Marwa, na kwamba aliituma akijua, akatumia jina langu. Nilimtazama Violeth muda wote ili nisimtazame yeye. Bwana Fredy akaanza kufoka kwamba mimi ni mwanamke mwenye kinyongo. Aliyemkatiza ni Marwa. Alisema kila neno langu ni kweli, na kwamba Thobias aachwe aende nyumbani kwake. Kisha akakaa chini, na polisi walipofika alikuwa bado amekaa.

Jana nilikwenda kumwona mahabusu. Aliniuliza kama nimekula. Akasema hana hasira nami, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. Akauliza kama nitamsubiri. Nilimwambia nampenda, na ni kweli, dada. Kisha nikamwambia hapana. Kila atakaponiita, nitakuwa nasikia jinsi alivyolitaja jina langu kwa Bwana Fredy siku ile.

Mweleze mama taratibu, akiwa ameketi. Mtu asimtukane Marwa mbele yako. Mbusu Rebeka, wasalimie wote wanaoniulizia, na mniombee ninyi mnaoweza kusali, maana mimi kwa sasa nashindwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Anisia