Vero Ameita Papa Ndani ya Disiki

Mama yangu mupendwa,

Najua huko uliko posta haifiki, lakini nikinyamaza hii furaha itanipasua. Ni habari ya Vero, mutoto wako wa mwisho.

Unakumbuka tulivyokuwa tunapiga maharagi hapa Mushaki? Maharagi makavu juu ya mikeka, kila muntu na fimbo yake. Wewe njo ulikuwa unaita. Unataja jina, "Uko wapi?", na mwenyewe anaitika "Niko hapa!" huku fimbo yake inashuka. Hata kama mumegombana asubuhi, ukiitwa unaitika. Asiyeitika anaweka fimbo chini, anatoka kazini. Siku ile Papa amekununia juu ya chumvi, akaitika kwa sauti ya mbuzi, tulicheka mupaka kazi ikasimama. Vero alikuwa mudogo, anaitika hata majina ya wengine.

Kisha ulituacha. Mwaka uliofuata Vero akatoka kwaya ya kanisa, akaenda Bukavu kwa shangazi, kuimba na orkestre. Alikuwa na miaka kumi na tano tu! Papa akasema, "Mimi sina mutoto wa kuimba mu baa." Tangu siku ile hatukutaja tena jina lake nyumbani. Disiki yake ya kwanza aliimba Lingala ya kuazima, sauti ya puani. Haikununuliwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Nilizani atarudi.

Lakini ya pili, Mama, ee! Radio inaipiga kila siku, ila yetu Papa aliizima, sisi tu hatukuisikia. Madereva wa malori ya Sake wanaiimba, na wasichana mupaka kule Kalembe.

Jumapili, nyuma ya misa, jirani yetu mwalimu alileta uwanjani disiki ile na fono yake ya kuipigia. Papa alikuwa anachagua mbegu, akatugeuzia mugongo. Sindano ikashuka, na kitu cha kwanza kusikika ilikuwa fimbo. Vero anapiga maharagi ndani ya disiki, gitaa inafuata nyuma! Anaita kama wewe. Akataja jina langu, nikaitika mbio kama mujinga. Halafu: "Papa, uko wapi?" Akaacha nafasi. Gitaa imenyamaza, fimbo tu inangoja.

Mwalimu alizani disiki imeharibika, akanyoosha mukono. "Usiguse!" nikamupigia kelele.

Papa aliacha kuchagua. Mbegu zilikuwa zinamutoka mukononi. Vero akarudilia, "Papa, uko wapi?"

"Niko hapa," Papa akasema, chini chini, hajageuka.

Wimbo ulipoisha akajifuta uso na kofia. "Mwalimu," akasema, "rudisha sindano. Sikuitika vizuri."

Tuliisikiliza mara saba. Kesho naandikia Vero arudi kwa mavuno, Papa mwenyewe ametuma. Fimbo yako nimeitoa darini, nimeipangusa. Nilimuuliza Papa nani ataishika, akasema, "Si ni yule anayeita?"

Pumzika, Mama. Ukisikia kelele huku uwanjani, ujue njo sisi.

Binti yako mukubwa, anayeitika bado