Kaka Yuko Ncha Zote Mbili za Picha

Ulaya, kando ya mto
10 Machi 2013

Mdogo wangu Loyce,

Mwakeye! Mgongo wa mama unaendeleaje? Mbuzi wazima? Mimi nina afya hadi naona haya. Mdogo wangu, bahati ilipokuwa inagawiwa katika ukoo wetu, mimi nilikuwa mbele na ndoo. Niko Ulaya! Mji wa viwanda, mto katikati, na wenye viwanda hawakohoi bila kuniuliza.

Picha hii ndefu ndiyo mji wenyewe. Nimetia alama ya kalamu kwenye dirisha la chumba changu, karibu na bomba la moshi la tano. Barua zenu mpeni dereva azifikishe kwa Athuman mwenye duka Kasulu, ana watu wake wa melini. Simu achaneni nayo. Hapo Mabamba inashika mtandao wa Burundi, hata Kasulu haipatikani, sembuse Ulaya.

Kaka yako mkubwa,
Obedi


Mabamba
2 Aprili 2013

Kaka Obedi,

Shikamoo. Sisi wazima, mgongo wa mama umetulia. Picha tumeibandika. Ukuta haukutosha, imeanzia mlangoni ikakunja kona hadi kwenye mtungi. Kila asubuhi mama analiamkia dirisha lako, "Mwakeye, mwanangu," halafu anangoja kidogo.

Lakini nimechanganyikiwa, kaka. Mbona barabarani ni farasi tu, gari hakuna? Na yule mwenye kofia ncha ya kushoto, mbona ndiye huyo huyo ncha ya kulia? Na Esteri muuza dagaa anaapa kakuona Titye, hapo karibu na Kasulu, matope hadi magotini.

Kubwa ni hili: Castory wa Kumsenga kaniposa, nami nampenda. Baba mdogo Didas anakataa kuwapokea wakwe. Anasema baba hayupo, anayekaa kwenye kiti chake ni mwanawe wa kwanza, na wewe uko hai. Utakuja lini?

Mdogo wako,
Loyce


Ulaya, pale pale
20 Mei 2013

Loyce wangu,

Hujambo? Mama? Castory ana meno yote?

Siku ya picha magari yalikuwa yanaoshwa. Usicheke, Ulaya yote huoshwa siku moja. Mwenye kofia ni jirani yangu. Miji mikubwa ndivyo ilivyo, mtu anakuwa huku na kule. Sasa kama yeye yuko ncha zote mbili, Esteri anashangaa nini kuniona Titye?

Kuhusu kuja, bosi analia nikitaja likizo. Wakwe wangoje kidogo. Nitakuja na suti tatu, moja ya Castory.

Kaka yako,
Obedi


Mabamba
8 Julai 2013

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima. Mimi sijui nisemeje.

Mwalimu Zuleha, yule aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, ameitazama picha. Anasema kamera za namna ile zilikuwa zinageuka polepole, kama mtu anayegeuza shingo. Mwenye kofia alipigwa mwanzo, akakimbia nyuma ya kamera, akaiwahi ncha ya pili. Tena anasema ile 1911 iliyoandikwa pembeni ni mwaka wa kupigwa picha. Mama kamjibu kuwa ni namba ya nyumba yako. Mimi katikati, sijui nimwamini yupi.

Nikamwamini mama. Jumapili baba yake Castory alikuja, akasema wamechoka kumngoja mtu wa kwenye picha. Nikamwambia, "Kaka yangu hasemi uongo. Kama hamumngoji, nendeni." Wakaenda. Castory hakugeuka hata mara moja. Kaka, nimefanya vizuri? Niambie wewe.

Mdogo wako,
Loyce


Kumsenga, kwa baba yake Castory
13 Julai 2013

Loyce,

Salamu nitazitoa nikifika. Barua yako niliisoma mara nne, nikaacha matofali mabichi juani, nikadandia lori la chumvi. Niko hapa tangu jana. Nimempigia magoti mzee, nimemweleza yote. Alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Kwa hiyo wewe ndiye mtu wa Ulaya?"

"Ndimi, mzee."

"Mbona huna viatu?"

"Vimetangulia, mzee."

Akacheka hadi pombe ikamtoka puani. Mama yake Castory hakucheka. Alisema, "Yule binti ametufukuza kwa ajili ya hiki?" Kisha akasema binti anayemtetea kaka yake hivyo, nyumba yake haitakosa mtu wa kuitetea. Wanarudi Jumamosi ijayo. Castory kaniazima shati. Nitakaa kwenye kiti cha baba, na baba mdogo Didas atanyamaza.

Hukukosea, mdogo wangu. Ila msomee mama barua hii kabla sijafika, maana nikimkuta ananitabasamia nitaanza tena. Picha niliikuta mnadani Kasulu, imeviringishwa ndani ya mkono wa koti la mitumba. Miaka miwili nafyatua matofali Titye. Kila nilipotaka kurudi nilitazama mikono yangu, mitupu, nikaona haya. Mto niliouvuka ni Malagarasi tu, tena nikiwa nimelala kwenye basi. Mji ule hata jina silijui.

Ulaya sijafika. Nilidanganya.

Kaka yako,
Obedi