Siku Bibi Marsiana Alipopigana na Siafu

Kizwite, Sumbawanga
Jumatatu, mwezi wa saba

Kwako Lydia, rafiki yangu wa tangu bweni,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Nestory wako hajambo? Na yule mdogo aliyekuwa anakohoa, ameshapona au bado mnamkanda? Huku upepo unapiga kama umetumwa, na asubuhi gurudumu la cherehani nalishika kwa kitenge kwa jinsi chuma kinavyouma. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Ukiuliza moyo, basi kaa kitako usome polepole.

Najua unacheka kwamba nimeandika kwa mkono wakati simu ninayo. Lakini nyumba yetu unaijua, haina dari, ukikohoa chumbani wa sebuleni wanakupa pole. Haya nitakayokueleza hayafai kumfikia Mama hata neno moja. Nimempa Kornel, dereva wa Noah za Namanyere, na nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe mkononi.

Uliponipigia kuuliza habari za harusi nilikujibu kwamba imeahirishwa, ukabadilisha mazungumzo kwa adabu zako. Haikuahirishwa, Lydia. Imekufa. Tangazo la kwanza la ndoa lilishasomwa kanisani, nguo ya kutolea posa bado imekunjwa kabatini, na mimi na Marselino hatutaoana. Kilichotuachanisha ni gemu.

Marselino hujawahi kumwona ila kwenye picha. Yeye ndiye mwenye banda la gemu lililopakana na kibanda changu cha kushonea, ukuta ni mmoja. Mara ya kwanza niliingia mle kwenda kumgombeza, maana milio ya risasi ilinifanya nikashona mkono wa shati la mwalimu mmoja juu chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba radhi, kisha akaniuliza kama nataka kujaribu. Nilikuwa sina mteja siku hiyo. Nikakaa.

Gemu lenyewe ni kichekesho. Vijana wa hapa wanapenda mpira tu, kwa hiyo hili lilikuwa limelala bure. Dunia yote imejengwa kwa vibonge vya mraba, miti mraba, mawingu mraba, na watu vichwa vyao ni kama vipande vya sabuni ya mche. Halafu wanatokea siafu wakubwa kama Fuso, nyigu wa kuangusha ndege, na buibui wa kufunika kanisa. Marselino aliniambia kwamba wadudu haohao wana gemu lao la zamani, la kutisha kweli, watu wanaliwa huku wanapiga mayowe, na hili ni mdogo wake wa mzaha. Hapa siafu akipigwa hatoki damu, anamwagika vibonge kama kashata zilizoanguka kwenye sinia. Kazi yenu ni kuzunguka vipande vya dunia iliyovunjika mkiokoa watu, na kila mnayemwokoa anaingia kwenye kikosi chenu na mnampa jina mnalotaka.

Mle ndani ndimo nilimopendea, sitakuficha. Gemu la kucheza wawili linamwonyesha mtu alivyo. Nikianguka, Marselino alikuwa anarudi kunisimamisha, hata kama alibakiza kidogo ashinde. Wengine wangekuacha wakaenda kuokota zawadi. Tulikuwa tunacheka mpaka wateja wangu wanakuja kunitafuta kwake, na kikosi chetu tulikipa majina ya watu tunaowajua. Katekista wetu alikuwemo. Mwenye kibanda changu alikuwemo pia, na yeye tulimwacha atafunwe kila mara makusudi.

Posa ilipokuja, wazee wa upande wake waliuliza ukoo wa marehemu Baba mpaka kwa babu wa babu. Walipofika upande wa Mama, waliambiwa ni watu wa Pito, na wakaridhika. Hata sisi ndivyo tulivyojua. Marehemu Bibi Marsiana, mama yake Mama, alitulea akisema kwao waliisha, hakuna aliyebaki. Mama alikua hana dada, hana kaka, hana hata binamu wa kugombana naye. Unamkumbuka alivyokuwa akija kututembelea shuleni, anakaa na kila mzazi na kumwuliza anatoka wapi. Alikuwa anatafuta mtu wake.

Basi baada ya tangazo la kwanza, babu yake Marselino, mzee Eustaki, alikuja kutoka Mwimbi kutibiwa macho hapa mjini. Mchana alikuwa anakaa nasi bandani. Haoni vizuri, ila gemu lile alilipenda kupita kiasi. Alitaka aelezwe kila mdudu, na kila mara alilalamika kwamba tunaharibu chakula. Siafu sawa, alisema, hao wauliwe, lakini panzi mkubwa namna ile unampigaje bunduki badala ya kumbanika.

Siku hiyo tukamwokoa mwanamke mmoja wa vibonge, ana kofia pana, na anakimbia akichechemea kama anaruka kamba. Nikasema huyu ni Bibi yangu mtupu, aitwe Marsiana. Akawa ananifuata nyuma akiwatwanga siafu kwa nyundo, na mimi nikawa natangaza kama wale wa redioni, kwamba Bibi Marsiana amemshika mmoja, Bibi Marsiana amemkosa, mguu huo, mguu huo. Mzee Eustaki akaniuliza bibi yangu alipatwa na nini mguuni. Nikamwambia, huku macho yangu yako kwenye runinga, kwamba alipokuwa mtoto kwao walikuwa wanakamata panzi wa kubanika, akapanda juu ya tanuru la zamani la wafua chuma, udongo ukameguka naye. Na nikaongeza kile ambacho Bibi alikuwa akikisimulia huku anacheka, kwamba mdogo wake aliyekuwa amemshikia kibuyu cha panzi aliogopa kwenda kuwaita wakubwa, akajificha vichakani akawala wote.

Mzee akaomba tupunguze sauti. Akaniuliza kama bibi yangu alikuwa na kovu chini ya kidevu, upande wa kushoto. Kovu sikuwa nimelitaja. Nikasema ndiyo. Akasema wale panzi aliwala yeye.

Alilia kama mtoto, Lydia, na mimi nikamkumbatia nikawa nalia na kucheka. Alinieleza kwamba dada yake alimpenda mwanamume ambaye baba yao hakumtaka, akafukuzwa, akaondoka naye, na nyumbani wakakatazwa kulitaja jina lake. Marselino ndiye aliyeelewa kabla yangu. Aliiweka pedi ya gemu mezani taratibu, akasimama, akatoka nje. Mimi bado nilikuwa namfuta mzee machozi kwa upande wa khanga.

Wazee walikaa wiki hiyohiyo. Mzee Eustaki na Bibi Marsiana ni tumbo moja, kwa hiyo kwa mila yetu Mama na baba yake Marselino ni kaka na dada, na sisi tunaofuata ni ndugu vilevile. Padre alisema upande wa kanisa udugu wa namna hiyo hauzuii ndoa, ila yeye hatafungisha ndoa ambayo wazee wa pande zote mbili wamekaa na kuikataa. Marselino alitaka twende Mpanda tukaandikishane bomani. Nikamwomba anisubiri nizungumze na Mama, nikijua Mama hajawahi kuninyima kitu.

Mama alinisikiliza akiwa anachambua ulezi. Hakunifokea. Aliniambia kwamba nikiolewa kule ndugu zake watageuka wakwe, na mkwe ni mtu wa kumheshimu kwa mbali, huwezi kumwangukia ukalia wala kumtania, na yeye amekaa maisha yake yote bila mtu wa kumwangukia. Akasema mume nitapata mwingine, lakini yeye hawezi kupata kaka wengine. Nilimchukia siku hiyo. Nililala nimemchukia, nikaamka bado.

Nilikonda mpaka vipimo vyangu mwenyewe nikavipunguza. Ndipo Bibi Winifrida wa Pito akanitumia ujumbe niende kwake. Ni mama wa ubatizo wa Mama, rafiki wa Bibi Marsiana tangu alipofika Pito, na wa rika lao amebaki peke yake. Alifunga mlango mchana kweupe. Akaniambia kwamba yule mwanamume aliyeondoka naye kwao alimkimbia Bibi mapema, na Bibi hakuzaa naye wala na mwingine. Mwaka mmoja alipita mama mchuuzi wa dagaa kutoka Kasanga, ana homa kali na mtoto mchanga mgongoni, akalala kwa Bibi na hakuamka. Ndugu zake hawakupatikana. Bibi akamchukua yule mtoto, na wakati huo alikuwa anaishi mbali na majirani, kwa hiyo alipompeleka kubatizwa kila mtu aliamini amemzaa. Bibi Winifrida alimshika mtoto na siri akaishika pamoja naye. Mtoto huyo ni Mama. Yeye hajui.

Lydia, nilitoka mle nikitembea kama nimelewa. Mimi na Marselino hatuna tone la damu moja. Bibi Winifrida alisema yuko tayari kusimama mbele ya wazee na kuapa kwa Biblia, maana hataki kufa akiwa ameniona nikinyauka. Tuliafikiana aseme siku ya sherehe ambayo wazee walikuwa wameipanga, wakati pande zote zimekusanyika. Alisema nitakapomtikisia kichwa, atainuka.

Sherehe ilikuwa Mwimbi, ya kumrudisha Bibi Marsiana kwao, ingawa amerudi kwa jina tu. Pombe ya ulezi ilikuwepo, ng'ombe alichinjwa, na watu walijaa ua mpaka barabarani. Nilishona gauni la Mama mwenyewe, na nilipokuwa nalishona nilikuwa nawaza jinsi atakavyolivua. Tulipofika, wanawake walimpokea kwa vigelegele, wakamwambia kwamba ana mwendo wa kwao na paji la uso la kwao. Mama alikuwa anajipapasa paji la uso. Shangazi mmoja, Dominika, alimgombeza kwa kuchelewa kuja kusaidia kupika, akamwita mvivu, na Mama, ambaye hakuwahi kutaniwa na ndugu maishani mwake, akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha mzee Eustaki akamwita akae naye kwenye mkeka. Alimshika kidevu akikitafuta kwa vidole kwa sababu macho hayaoni. Akatangaza mbele ya wote kwamba dada yake alifukuzwa kama mbwa, na kwamba kila siku amemwomba Mungu asife kabla hajamwomba msamaha, na leo Mungu amemletea mtoto wa dada yake amwombe yeye. Akamwomba. Mama akamjibu kwamba mama yake alimsamehe zamani, kwani alikuwa akisimulia habari za panzi akicheka. Watu wazima walilia pale.

Bibi Winifrida alikuwa amekaa upande wa pili, ameshika fimbo, ananiangalia. Marselino alikuwa amesimama karibu na chungu cha pombe, haniangalii. Nilikuwa na neno moja la kunirudishia mume. Neno hilohilo lingemfanya Mama asiwe na kaka, asiwe na mjomba, asiwe na mama aliyemzika, na lingemwacha mzee wa watu na msamaha ambao hakuna aliyekuwa na haki ya kuutoa. Nilijaribu, Lydia. Shingo ilikataa. Bibi Winifrida alisubiri mpaka chakula kikaletwa, kisha akailaza fimbo chini akaanza kula.

Sasa umejua, na wewe ndiwe mtu pekee niliyemwambia. Hata Marselino sijamwambia, kwa sababu namjua, angekwenda kulisema mbele yao siku hiyohiyo. Nilimwambia tu kwamba Mpanda siendi. Anadhani nimewaogopa wazee. Alinitazama kama mtu aliyeachwa chini na siafu wanakuja. Inaniuma kuliko harusi yenyewe, kwamba anaondoka na picha ya mwanamke mwoga. Nampenda mpaka leo. Kila nikisikia risasi upande wa pili wa ukuta nasimamisha cherehani, nahesabu pumzi zangu, naendelea.

Tafadhali usinishauri kitu. Wala usinipigie simu kunipa pole, maana nitalia na Mama atauliza. Nilihitaji mtu mmoja tu duniani ajue kwamba sikuogopa. Ukimaliza kusoma, iweke jikoni kwenye moto.

Nibusie watoto, na mwambie Nestory suruali yake iko tayari, nitamtumia kwa Kornel safari ijayo. Mama anakusalimu sana, amenenepa, Jumapili hii anakwenda tena Mwimbi kwa ndugu zake. Mzee Eustaki anakusalimu ingawa hakujui. Na kaka yangu Marselino naye anakusalimu.

Ni mimi rafiki yako,
Justa