Mwalimu Daiva Kafika Maskati

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nataraji barua hii itakukuta u mzima, na lile goti limetulia kwa dawa alizokuletea Ami Hamad. Mama naye vipi, kifua kimemwacha? Mimi huku sijambo, alhamdulillahi, na leo nnakuandikia kwa furaha ambayo simu haiitoshi.

Baba, somo langu limepita.

Unamkumbuka Mwalimu Daiva, yule mama wa Kilithuania aliyenisomesha Vilnius. Alipofariki nilikwambia, lakini sikupata kukueleza kazi aliyoiacha. Alipoanza ualimu, nchi yao ilikuwa chini ya Wasovieti, na wakubwa wake wakimwambia Lithuania haina historia ya falsafa. Wakidai wasomi wake wa kale waliandika kwa Kilatini, basi walikuwa wakinakili ya wengine tu. Yeye hakubishana. Alijifunza Kilatini, akaingia maktaba, akawasoma mmoja mmoja wale waalimu wa zamani wa Vilnius ambao watu walikwishawasahau. Umri wake uliishia humo. Alipomaliza, watu wa kwao walikuwa na historia ya fikra zao wenyewe, na leo anayeisomesha kule huanzia kwake.

Nami nikataka hayo yasomeshwe chuoni kwetu, hapa Bawshar, Maskati. Kila nikiomba, naambiwa nisubiri. Mwisho kamati ya masomo ya chuo ikaniita, na nilijua somo likikataliwa, mkataba wangu nao hautaendelea. Ndiyo maana siku zile nilikuwa nakujibu kwa mkato kwenye simu. Nilikuwa na khofu, sikutaka uisikie.

Dokta Hilal, anayesomesha mantiki, mtu wa heshima lakini mkali, akauliza kwa nini vijana wa Oman wahangaike na nchi ya mbali, tena ambayo vitabu vyake vya kale vimeandikwa kwa lugha ya wengine. Wenzake wakamuunga mkono. Nikamfikiria Mwalimu Daiva alivyokuwa akisimama mbele yetu na koti lake zito, mdogo wa mwili, sauti haipandi. Nikasema:

"Dokta, masheikh wa Unguja na Pemba waliandika kwa Kiarabu. Nani atasema hawakuwa wakifikiri ya kwao? Mtu huazima lugha. Kichwa haazimi."

Mwenyekiti, Bi Thuraya, ambaye wazee wake walitoka Unguja, akawaambia wenzake kwa Kiarabu kwamba babu yake aliandika vitabu kule, na tangu afe hajui aliyevifungua. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili chetu hasa.

"Utaanza muhula huu, mwanangu. Na mimi ntakaa nyuma nsikilize."

Walipopiga kura, wa kwanza kuinua mkono alikuwa Dokta Hilal.

Nikampigia Mzee Jonas, mume wa marehemu. Nikamweleza kazi ya mkewe itasomeshwa Maskati. Akaniomba nimtajie tena jina la mji. Nikamwambia, Maskati. Akalirudia polepole, akasema wale waliomwambia mkewe anapoteza umri wangekuwa hai angewapigia simu mmoja mmoja. Tukacheka, naye akalia kidogo.

Siku ya kwanza darasa lilijaa, viti vikaazimwa chumba cha pili, na Bi Thuraya kweli kakaa nyuma. Mwishoni binti mmoja akauliza, "Na huko kwenu Pemba, nani kaiandika historia hiyo?" Nikamwambia ntamuuliza babangu.

Basi Baba, wewe ulisoma kwa masheikh wa Wete. Kaeni na Ami Hamad mkumbuke walisomesha nini, na nani alimpinga nani kwa hoja gani. Nikija likizo ntaketi mbele yako nisome upya.

Mama nambusu mikono. Shangazi Mize, fundi wetu wa cherehani, mwambie gauni lake ndilo nililovaa mbele ya kamati. Kaka Khamis na mkewe nawapa hongera ya mtoto. Wambusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao, niliyeshinda kwa dua zenu,

Zuwena