Limau Juu ya Nyama ya Baba

Mpendwa Kaka Remigio,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba baridi ya Zurich haijawatesa sana. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo lakini bado anatugombeza kama kawaida, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Zabibu zimeshapandishwa darini kukauka.

Nimesoma ushauri wako kwamba Baba auze mashamba ya mizabibu ya mlimani kwa sababu ya magoti yake. Mwenyewe naye ameanza kusema hivyo hivyo, na Bwana Tognoni wa ng'ambo ya mto ameshakuja kuyatazama. Nakuomba, kaka, usimuunge mkono mpaka umalize kusoma.

Jumapili tulifungua Sforzato, ule mvinyo wetu mkali wa zabibu zilizokaushwa darini. Mama alipika tambi za kabichi na jibini, siagi inaelea, na Baba akakata nyama kavu mwenyewe, nyembamba hadi sahani inaonekana. Unamjua kwa nyama ile. Ndiye aliyemtoa mezani yule mchumba wangu wa Milano alipoikamulia limau, eti limau huua ladha ya mvinyo, akimfokea, "Ukitaka kufua nguo nenda mtoni, usinifulie mvinyo wangu!" Nilikasirika wakati ule. Sasa namshukuru kwa kunifukuzia mchumba yule, ila si kwa ajili ya limau.

Basi Mjomba Battista, ambaye uzee haujamfunza adabu, alingoja Baba ateremke kufuata chupa, akalichukua limau la chai la Mama, akaikamulia nyama ya Baba yote, akatukonyeza. Tukakaa tukisubiri moto uwake. Baba akaketi, akala, akanywa, akafuta sharubu. Kisha akasema, "Mnaona? Nyama haijaguswa na kitu, na mvinyo wake pembeni. Mtu anataka nini tena?" Mjomba akaangua kicheko. "Shemeji, leo umeniweza!" Alidhani Baba ameugeuza mzaha. Baba naye akacheka, ila alichelewa kidogo. Mimi sikucheka, maana nilimwona akimtazama Mama, akimuuliza kwa macho kumetokea nini.

Wakati wa kuosha vyombo nikambana Mama. Alikataa, akalia, halafu akasema. Tangu ile homa ya mwaka juzi, Baba hanusi wala haonji. Maji, siki, mvinyo, vyote kwake ni kimoja. Mezani humwangalia Mama: Mama akinywa kisha akakimbilia jibini gumu, Baba anatangaza kwamba mvinyo una nguvu, akimega mkate, anasema bado mchanga. Hivyo ndivyo anavyotuhubiria sote. Magoti ni kisingizio tu. Amemwambia Mama kwamba mtu asiyejua anachokitengeneza ni mwizi mwenye mapipa, na heri auze. Niliumia sana, kaka.

Kesho yake nilimfuata kwenye mapipa. Sikumwambia kwamba najua. Nilijimiminia, nikaanza kusema kama mtu anayezungumza peke yake: ndani yake kuna harufu ya cheri zilizokauka, kuna tandiko la ngozi, kuna vumbi la kuta zetu za mawe baada ya mvua. Baba akaacha kufagia. Nikafikiri atanifukuza. Akasema kwa sauti ndogo, "Endelea." Nikaendelea. Akauliza, "Na ukiunywa na jibini la mlimani?" Nikakata kipande, nikamwambia chumvi inautuliza ukali, halafu utamu unakuja nyuma polepole. Akafumba macho. Akaniuliza tena na tena mpaka supu ya Mama ikapoa. Jana Bwana Tognoni alipokuja, Baba alimwambia arudi baada ya Krismasi, kwanza wewe mwanawe uje kwa sikukuu.

Mama aliniapisha nisikuambie, na leo nimevunja kiapo, kwa sababu Baba atakumiminia wewe mvinyo na kukuuliza umeuonaje. Najua kawaida yako: unasema "mzuri, Baba," huku unatazama simu. Safari hii usiseme mzuri. Kunywa taratibu, kula, kunywa tena, na umwambie kila kitu, hata kibaya. Atatikisa kichwa kana kwamba na yeye anakionja. Mwache, kaka, na usinyamaze haraka.

Wabusu watoto kwa niaba yetu, na wifi mwambie kitanda chenu kimeshatandikwa. Mungu awafikishe salama.

Mdogo wako akupendaye,
Tecla